Kibanda cha Relwe kwa bamba la shaba

Najua nimekuwa kimya kwa muda mrefu. Wale mliozoea kuja hapa kusoma habari za Python na hifadhidata mtaniwia radhi, kwa maana leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina nyumba. Ina urefu wa milimita 83 na upana wa milimita 55, imetengenezwa kwa shaba ya manjano, na imenichukua miezi saba. Nikimaliza kuwaeleza mtaona kwamba kompyuta imo ndani yake vilevile.

Yote yalianza na seti niliyoagiza kutoka Uingereza. Huko kuna watu wazima, tena wengi, wanaojenga reli ndogo nyumbani kwao pamoja na stesheni, mabohari na vibanda vya kuongozea treni. Nilitaka kujaribu kimoja. Kifurushi kilipofika nilidhani nimetapeliwa! Ndani ya bahasha mlikuwa na bamba moja jembamba la shaba, bapa kama kadi ya posta. Ukilitazama vizuri ndipo unaona kuta, madirisha, ngazi na hata vitasa vya milango, vyote vimeshikiliwa kwenye fremu kwa vishikizo vidogo. Kazi yako ni kukata, kukunja, kulehemu na kupaka rangi.

Vipande hivyo havikatwi kwa msumeno. Vinaliwa na kemikali. Bamba hupakwa utando unaogeuka mgumu unapopigwa na mwanga, mchoro hupitishwa juu yake kwa mwanga wa urujuanimno, kisha sehemu laini huoshwa na shaba iliyobaki wazi huliwa. Nilipoelewa hivyo nilicheka peke yangu. Hii ni kazi ileile tuliyofanya chuoni tukitengeneza bodi za saketi kwa mradi wa mwaka wa mwisho! Kemikali ni ileile, kloridi ya chuma, ile inayotia vidole rangi ya kahawia kwa wiki nzima.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kuliamuru bamba liliwe upande mmoja tu. Ukichora mstari pande zote mbili, kemikali inakutana katikati na kipande kinakatika. Ukichora upande mmoja, linaliwa nusu, unapata mfereji. Mfereji huo ndio mahali pa kukunja, na kanuni ni kwamba mfereji hukaa ndani ya kona. Ukikunja kinyume, shaba inavunjika. Msiniulize nimejuaje.

Kile kibanda cha Uingereza nilikimaliza vibaya. Nilipaka flaksi nyingi, nikalehemu, nikasahau kuosha. Baada ya wiki mbili kona zote zilikuwa na ukungu wa kijani na rangi ilianza kubanduka. Isitoshe, kilikuwa na dohani la jiko la makaa. Dohani, Kisumu! Nilikiweka juu ya kabati nikajiuliza kwa nini nahangaika na jengo la watu wengine, ilhali mji huu wenyewe umejengwa kwa vitu vilivyokuja vipande vipande.

Sisemi hivyo kwa mzaha. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa mwishoni mwa 1901, mahali palipokuwa pakiitwa Port Florence. Lakini meli ilitangulia. William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwa vipande, ikaungwa upya hapa ufukweni na kuzinduliwa mwaka 1900, kabla reli haijafika. Meli nyingine zilizofuata, kama Winifred, Nyanza na Usoga, zilikuja kwa mtindo huohuo: zinafungwa kwa bolti huko Scotland, kila kipande kinapewa nambari, zinafunguliwa, zinaletwa, zinaungwa. Kwa hiyo fundi wa Kisumu aliyesimama mbele ya rundo la vipande na karatasi ya maelekezo ni mtu wa zamani sana. Mimi nimechelewa tu.

Sasa nije kwa babu.

Babu yangu alifanya kazi Relwe. Aliajiriwa mwaka 1964, enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, akaendelea baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, hadi alipostaafu. Miaka mingi alikuwa mtu wa pointi, yule anayebadilisha njia ili treni iende kulia au kushoto, kwenye reli ya Butere upande wa Kisian. Alikuwa na kibanda cha mabati alichokaa humo usiku akisubiri treni. Kibanda hicho hakipo tena. Mabati yalitoweka moja moja, mbao zikafuata, ikabaki sakafu ya zege na nyasi.

Babu mwenyewe haoni. Presha ya macho ilianza polepole, jicho moja kisha la pili, na kwa miaka minne sasa anatofautisha mwanga na giza tu. Hilo tumelizoea. Lililokuwa likinisumbua ni jambo jingine. Nyumbani watu walianza kusema kwamba mzee anachanganya mambo. Akisimulia kitu, mtu anamkatiza. Akisema shamba lile lilipimwa hivi, baba anamjibu, "Sawa mzee," kwa sauti ile ya kumtuliza mtoto. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini nilikuwa naona mtu akiondolewa kwenye mazungumzo akiwa bado ameketi kitini pake.

Nikaamua kutengeneza kibanda chake. Rangi asingeiona, lakini shaba iliyoliwa nusu ina mifereji na matuta, na vidole vinasoma mambo hayo vizuri mno.

Kitu cha kwanza ni vipimo. Picha hatuna hata moja. Nilipanda matatu hadi Kisian, nikatembea kando ya reli, nikafyeka nyasi na kupima sakafu: mita 3.6 kwa 2.4. Nikapiga picha pembe zote, nikachora kwenye daftari kila ufa na kila mahali zege ilipomeguka. Yaliyobaki nilimuuliza babu. Yeye huzungumza Kiluo, hapa nawaandikia maana tu.

"Babu, ukuta ulikuwa na mabati mangapi?"

"Yalikuwa ya kutosha."

"Mangapi?"

Akanyamaza, akainua mikono kama anayepapasa ukuta gizani, akahesabu. "Upande mrefu matano. Mfupi matatu na kipande."

Hapo niligundua kwamba miaka yote nimesikia hadithi za kibanda hicho bila kujua chochote kukihusu. Hadithi haihitaji idadi ya mabati. Mchoro unahitaji. Ilibidi nimuulize dirisha lilifunguka kwa ndani au kwa nje, taa ilining'inia wapi, mlango ulikuwa upande gani. Alijibu yote bila kusita. Mlango, alisema, ulitazama reli, katikati ya ukuta mrefu.

Baba alikuwa akisikiliza. Alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akitumwa kumpelekea babu chakula jioni. "Hapana," akaniambia nje baadaye. "Mlango ulikuwa nyuma, upande wa njia ya miguu. Niliupitia mara mia. Unaona? Ndiyo maana nakwambia mzee siku hizi anachanganya."

Nitakiri hapa mbele yenu: nilimwamini baba. Nikachora mlango nyuma.

Michoro niliitengeneza kwa programu fupi ya Python inayotoa faili la mistari. Skeli ni namba moja tu juu kabisa ya programu. Nilianza na 1 kwa 87, ambayo wajenzi wengi wa reli ndogo huitumia. Mabati ya kawaida yana mawimbi yenye nafasi ya milimita 76, kwa hiyo kwenye skeli hiyo mawimbi yanakuwa chini ya milimita moja. Kwa macho yanapendeza. Kwa vidole vya mzee aliyeshika mitaimbo ya Relwe na majembe maisha yake yote, ni ukwaru tu. Nilimpa ukuta wa kwanza akaniambia, "Hii ni sandipepa."

Basi nikabadilisha namba kuwa 43.5, maradufu kamili. Mawimbi yakawa milimita 1.75. Nikajipongeza kwa kuandika programu safi. Nikala bamba la pili, nikakata vipande, nikaanza kuunganisha, na kuta zote zikawa zinacheza kama meno ya mzee! Nilichosahau ni hiki: kila kona inaungwa kwa ulimi unaoingia kwenye mwanya, na upana wa mwanya lazima ulingane na unene wa bamba. Nyumba imekua maradufu, mianya imekua maradufu, lakini shaba ni ileile ya milimita 0.3. Unene hautoki kwenye mchoro, unatoka dukani. Wenzangu wa programu, mmeshaona kosa la namna hii: unazidisha kila kitu, pamoja na kile ambacho hakikuwa chako kukizidisha.

Kwa wale wanaotaka kujaribu, haya ndiyo niliyojifunza. Utando wa kupokea mwanga ni uleule wa bodi za saketi, na maduka ya elektroniki Nairobi wanao. Kwa mwanga nilitumia jua la Kisumu la saa saba mchana, mchoro ukiwa umebanwa kwa kioo pande mbili za bamba. Jua letu ni kali, ni suala la sekunde, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye vipande vidogo kwa muda tofauti ndipo uharibu bamba zima. Kuosha utando kunahitaji kabonati ya sodiamu, na hiyo mama zetu wanayo jikoni. Ni magadi! Magadi ya sokoni yana kabonati na bikabonati pamoja. Ukiyakaanga kwenye sufuria kavu, bikabonati inageuka kuwa kabonati. Yachuje vizuri, tia kijiko kimoja kidogo kwenye nusu lita ya maji, na usirudishe sufuria hiyo kwenye mboga.

Kemikali haili kwenda chini tu, inakula pia pembeni. Mstari ukiuchora mwembamba unatoka mnene. Programu yangu sasa inapunguza kila mstari kabla ya kuuchapisha.

Na tafadhali, maji ya kemikali yaliyotumika usiyamwage kwenye mtaro. Yana shaba iliyoyeyuka, shaba ni sumu kwa samaki, na mitaro ya mji huu inaelekea ziwani. Mimi huyaweka kwenye jerikani ya plastiki. Yakichoka natia magadi polepole, maana yanatoa povu, hadi tope litulie chini. Tope hilo nalichanganya na saruji.

Kuhusu kulehemu, kitu hiki kilikuwa cha kushikwa na mikono kila siku, kwa hiyo sikutaka madini ya risasi ndani yake. Nilitumia lehemu mbili. Kona kuu niliziunga kwa bati na shaba, inayoyeyuka nyuzi 227. Vitu vidogo kama fremu za madirisha nilivifunga mwishoni kwa bati na bismuthi, inayoyeyuka nyuzi 138, ili nikiweka dirisha ukuta usianguke. Kati ya hatua hizo osha kwa maji moto na sabuni, sugua kwa mswaki wa zamani. Safari hii niliosha!

Mwisho nililehemu kibanda juu ya bamba la chini, na mbele yake nikaweka vipande viwili vya shaba vilivyo sambamba, nafasi milimita 23 kati yao. Hiyo ndiyo reli yetu ya mita moja kwenye skeli hii. Niliiweka ili babu ajue mbele ni wapi.

Jumapili moja nikampelekea. Hakikuwa na rangi bado. Alikipokea kwa mikono miwili, akapapasa paa, akashuka ukutani, akahesabu mabati: moja, mbili, tatu, nne, tano. Akatabasamu. Akagusa reli. Kisha vidole vikarudi ukuta wa mbele, vikaenda kushoto, vikarudi kulia, vikasimama.

"Mimi natokaje humu?" akauliza.

Nikamwambia mlango uko nyuma.

"Treni inapiga honi, mimi nazunguka nyumba nzima na taa mkononi ndipo niifikie pointi? Nani alijenga hivi?"

Baba akasema, kwa ile sauti yake, "Mzee, mlango ulikuwa nyuma. Nilikuwa napita hapo." Babu hakubishana. Aliweka kibanda mezani taratibu, akakunja mikono. Hapo ndipo niliposhtuka, kwa maana babu ninayemjua angebishana.

Usiku ule nilifungua daftari. Kwenye mchoro wangu wa sakafu kulikuwa na mabonde mawili ukingoni, mahali zege ilipolika na kuwa laini. Moja upande wa nyuma, pembezoni, nililiandika "kizingiti". La pili, katikati ya ukuta wa mbele, nililiandika "zege imemeguka", kwa mkono wangu mwenyewe. Nikafungua picha kwenye kompyuta nikazikuza. Zege iliyomeguka huwa na kingo kali. Bonde lile lilikuwa la mviringo na limesuguliwa, lilelile kama la nyuma, ila lenye kina zaidi. Miguu ndiyo iliyolichimba.

Kibanda kilikuwa na milango miwili. Data nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza, nikaipuuza kwa sababu nilishaamua nani wa kumwamini.

Nilimpigia babu simu asubuhi kabla ya kazi. "Babu, kulikuwa na mlango mwingine nyuma?"

"Ule mdogo? Huo ulikuwa wa chakula. Nyanya yako hakutaka watoto wakaribie reli, kwa hiyo wakija walipita nyuma. Mimi sikuutumia." Akanyamaza kidogo. "Hukuniuliza kama ulikuwepo. Uliniuliza mlango ulikuwa wapi."

Mtu anayeandika programu kwa mshahara hana la kujibu hapo. Nilikuwa nimeuliza swali lenye nafasi ya jibu moja tu.

Ukuta wa mbele niliula upya. Ule wa zamani niliutoa kwa joto bila kuvunja chochote. Hilo ndilo jambo ninalolipenda katika kulehemu, kwamba ukikosea unaweza kurudi nyuma. Bamba likishaliwa halirudi.

Ikabaki rangi. Baba, ambaye tangu habari ya milango miwili amekuwa akija chumbani kwangu "kupita tu", ndiye aliyekumbuka rangi: kuta krimu, paa jekundu la oksidi. Babu hakutaka. "Ukiipaka itanyamaza," alisema. Alikuwa na haki. Rangi nene inajaza mifereji, na kwa mtu anayesoma kwa vidole hiyo ni sawa na kufuta maandishi. Lakini shaba isiyopakwa inachafuka kwa jasho la mikono, na baba alitaka kukiona kilivyokuwa.

Tuliafikiana. Nilikisugua kwa siki na chumvi, nikaosha, nikakausha, sikukigusa tena kwa vidole vitupu kwa sababu mafuta ya ngozi yanaifukuza rangi. Praima ya kushika metali, tabaka moja jembamba kiasi kwamba shaba bado inaonekana chini. Kisha rangi kwa bomba dogo la kupulizia, tabaka tatu, kila moja kama pumzi, kusubiri siku nzima kati yake. Baada ya kila tabaka nilifumba macho nikahesabu mawimbi kwa kidole. Nilipoanza kukosea, niliacha. Vumbi la chini ni la palepale Kisian. Nililichekecha kwa soksi ya zamani ya nailoni, nikalishikisha kwa brashi.

Sasa kibanda kipo kwenye meza ya babu, karibu na redio. Rangi haiko sawa pembeni mwa dirisha moja, na mlango wa nyuma umeinama kidogo. Wiki iliyopita nilimkuta baba ameketi naye. Baba alikuwa ameshika daftari langu na kalamu, akiuliza mtaimbo wa pointi ulikuwa umbali gani kutoka mlangoni, hatua ngapi. Babu akasema kumi na moja. Baba akauliza, "Zako au zangu?" Kisha akaandika.

Mtaimbo huo ndio kazi inayofuata. Tutaonana tena, na nikipata nafasi nitawawekea ile programu ya mistari, ikiwa na mianya isiyokua.